The Walking Dead: thamani ya matoleo ya mwanzo itadumu, au iliondoka na tamthilia?

KabatiLaKomiki (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Kila komiki ya zombi inapotajwa swali hurudi: The Walking Dead ya Robert Kirkman bado ni ya kuweka kabatini, au wakati wake umepita? Nasema mapema ninapoegemea. Matoleo machache, pengine hayafiki kumi, yatashika bei yake. Rundo lililobaki ni la kusoma. Hadithi yenyewe ni jambo jingine, na hiyo naamini itasomwa muda mrefu.

Tuanze na idadi, maana ndiyo inayoamua. Toleo la 1 lilitoka Oktoba 2003 chini ya Image Comics, likachorwa na Tony Moore, ndani nyeusi na nyeupe, bei dola 2.95. Maduka ya Amerika Kaskazini yaliagiza takriban nakala 7,300 tu. Hata Image hawakuwa na imani nayo: Kirkman aliwadanganya kwamba baadaye ingefichuka kuwa viumbe wa sayari nyingine ndio walioleta janga, kwa sababu waliona zombi peke yao hawavuti wasomaji.

Sasa weka kando yake toleo la 100, Julai 2012. Maagizo yalifika karibu 383,000, likawa komiki iliyoongoza kwa mauzo Marekani mwaka ule. Matoleo yote mawili yana tukio zito. Katika la 1 Rick Grimes anazinduka hospitalini na kukuta dunia imekwisha. Katika la 100 Negan, adui mkubwa wa hadithi, anaingia kwa mara ya kwanza na Glenn, mmoja wa wenzake Rick, anauawa. Lakini kwa kila nakala moja ya la 1 zipo zaidi ya 50 za la 100, na hizo 50 zilinunuliwa na watu waliojua wananunua nini. Ziliingia kwenye mifuko ya plastiki ya kuhifadhia siku ile ile. Hazikuchanika, hazikutupwa. Uhaba hautokei hapo hata tukisubiri miaka 40.

SokoHuru

Mkuu, kuhusu la 100 nakuunga mkono asilimia mia. Kuhusu la 1 nina shaka, nami naiweka mezani.

Nakala 7,300 ni chache, sawa, lakini angalia zilivyotunzwa. Komiki ya Marekani ya 1963 ilisomwa na watoto, ikakunjwa mfuko wa nyuma wa suruali, ikaokwa na jua, mwisho ikapelekwa na karatasi chakavu. Iliyobaki safi ni bahati. Komiki ya 2003 iliuzwa katika duka maalumu kwa mnunuzi ambaye tayari ana mifuko na kadibodi nyumbani. Kwa hiyo asilimia kubwa ya hizo 7,300 bado ipo, na sehemu nzuri imepimwa na CGC, kampuni inayopima hali ya komiki, ikapata 9.8 kati ya 10. Daraja hilo kwenye kitabu cha 1963 ni tukio. Kwenye kitabu cha 2003 ni jambo la kawaida.

Pili, nani alinunua? Bei ilipaa baada ya tamthilia yake kwenye runinga ya AMC kuanza tarehe 31 Oktoba 2010. Msimu wa tano ulifunguliwa Oktoba 2014 na watazamaji milioni 17.3. Kipindi cha mwisho kabisa, Novemba 2022, kilipata kama milioni 2.3 usiku ule. Pesa iliyoingia kwa ajili ya skrini hutoka na skrini. Wala haikwenda mbali: Invincible, ambayo ni ya Kirkman huyo huyo na ilianza Januari 2003, ilipopata katuni yake Amazon Prime Video mwaka 2021, wanunuzi wengi walihamia huko.

KabatiLaKomiki

Hoja ya utunzaji ni nzito, siikwepi. Ila tofautisha bei kushuka kutoka kileleni na bei kuporomoka. Soko zima la komiki lilipanda 2020 na 2021 watu wakiwa ndani, likashuka tangu 2022. Ukipima The Walking Dead peke yake kuanzia kileleni utaona maafa. Ukipima kuanzia dola 2.95 unaona kitabu ambacho kimevuka kufungwa kwa komiki 2019 na kufungwa kwa tamthilia 2022, na bado kina mnunuzi kila wiki.

PiniMbili

Kabla hamjafika mbali kwenye bei, nusu ya watu wanaosema "ninalo la 1" hawana chapa ya kwanza. Toleo hilo limerudiwa mara nyingi mno. Hivi ndivyo unavyolitambua.

Usianzie na jalada, fungua ndani. Ukikuta rangi, si la 2003. Ama ni la kumbukumbu ya miaka 10, lililotoka 2013, ama ni Deluxe, mfululizo ulioanza Oktoba 2020 ukipakwa rangi na Dave McCaig. Ukikuta nyeusi na nyeupe, bado usishangilie. Mwaka 2010 kulikuwa na nakala za dola 1 chini ya jina Image Firsts, na 2011 ukaja Weekly, uliorudisha matoleo 52 ya mwanzo, moja kila wiki, na neno hilo liko juu ya jalada. Kuna toleo maalumu la 2008. Kuna majalada ya maonyesho ya Wizard World, yanayopendeza kwelikweli, lakini ni ya miaka mingi baada ya chapa ya kwanza.

Kisha soma yale maandishi madogo ya mchapishaji mahali panapotajwa mwezi na mwaka. Yaseme Oktoba 2003, na bei kwenye jalada iwe 2.95. Hapo ndipo unarudi kwenye jalada kutazama onyo la wasomaji watu wazima: zipo nakala zenye maandishi meusi na zipo zenye meupe. CGC huzitenganisha kwenye lebo, na bei zake hutofautiana. Muuzaji akikutumia picha ya jalada tu, bila ukurasa wenye maandishi madogo, omba picha ya pili. Akikataa, achana naye.

Mwanahawa_S

Ndugu zangu mnazungumza karatasi, mimi naomba tuzungumze kilicho juu ya karatasi, kwa sababu karatasi haina bei bila wasomaji.

Huku kwetu zombi anapotafsiriwa kwenye filamu za kusimuliwa pale kibanda umiza, msimuliaji humwita msukule. Wengi hulichukulia kama kosa la tafsiri. Kwa maoni yangu msimuliaji amekaribia asili kuliko anavyojua. Msukule kwa imani ya Bara ni mtu aliyezikwa na ndugu zake wakalia, kumbe amechukuliwa. Anakatwa ulimi, analishwa pumba, analima usiku shamba la aliyemchukua. Halumi mtu. Anaogopesha kwa sababu ameporwa nafsi na jasho. Zombi wa Haiti ni huyo huyo: maiti aliyeamshwa afanye kazi, hofu iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa miongoni mwa watumwa ambao wengi walitoka upande wa Kongo. Neno lenyewe wataalamu hulirudisha kwenye lugha za huko.

Mla watu ni wa Marekani, na aliyemfanya maarufu ni George Romero kwa filamu yake ya 1968, Night of the Living Dead. Filamu hiyo ilisambazwa bila tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma, kila mtu akachota. Kirkman naye alichota. Pendekezo lake la kwanza lilibeba jina la filamu hiyo.

Sasa kwa nini yake imedumu matoleo 193, wakati komiki nyingi za zombi hufa kwenye la 6? Katika toleo la 24 Rick anawaambia wenzake kwamba wafu wanaotembea ni wao wenyewe, walio hai. Ukilisoma hilo, jina la kitabu linageuka mkononi mwako. Ndani yake hakuna dawa inayopatikana, na chanzo cha ugonjwa hakielezwi kamwe. Maswali ni ya chakula, mpaka, nani atawale, mhalifu afanywe nini. Hata gereza, makazi yao ya muda mrefu, ni swali hilo hilo. Mtu aliyewahi kuishi kambini au kuhama kwa vita haelezwi mara mbili.

Hiyo haizeeki na tamthilia. Tamthilia ilijaza watu wake, Daryl Dixon hayumo kabisa kwenye komiki, ikaongeza misimu hadi 11 na vipindi 177. Komiki ilisimama pale mwandishi alipotaka.

SokoHuru

Dada Mwanahawa, umeniongezea elimu na nakushukuru. Swali langu ni moja: hayo yote si yamo kwenye vitabu vinne vikubwa? Compendium ya kwanza ina matoleo 1 hadi 48, ya pili 49 hadi 96, ya tatu 97 hadi 144, ya nne 145 hadi 193. Mtu akipenda hadithi ananunua hivyo vinne na kabati limejaa. Mapenzi ya hadithi yanauza compendium. Hayauzi toleo la 1.

Mwanahawa_S

Yanauza, ila kwa kuchelewa. Msomaji wa compendium aliyeanza na miaka 15 akifika 35 na mshahara, ndiye anayetafuta kile kitabu chembamba cha 2003. Teenage Mutant Ninja Turtles ni mfano: toleo la 1 la 1984 lilichapwa kama nakala 3,000, nalo ni nyeusi na nyeupe, nalo limerudiwa kila namna, na hakuna nakala ya kurudia iliyoishusha ile ya kwanza. Kilicholibeba ni kizazi baada ya kizazi kukutana na kasa wale upya.

Tena compendium haina kurasa za barua. Safu ya barua iliyoitwa Letter Hacks ilikuwa nusu ya raha ya kusoma kila mwezi: watu wanabishana na Kirkman, wanalalamika kwa kifo cha huyu na yule, naye anajibu. Ukisoma barua zilizofuata kifo cha Lori, mke wa Rick, na mtoto wake Judith katika la 48, unaona wasomaji walivyolipokea. Hiyo ni nyaraka.

KabatiLaKomiki

Kasa nao walipata katuni, filamu na wanasesere kwa watoto wa miaka 6. Zombi wa Kirkman hauziki kwa mtoto wa miaka 6. Hapo mfano unapungua nguvu, lakini mwelekeo naukubali. Upande wetu uliopo ni mchezo wa kompyuta wa Telltale wa 2012, ambao umeleta wasomaji wasiojua hata kama kuna tamthilia.

Jua_Kali_MSA

Naomba orodha fupi. Mtu mwenye bajeti ndogo atazame matoleo gani zaidi ya la 1?

PiniMbili

La 2: Lori, Carl mwana wa Rick, na Glenn wanaonekana mara ya kwanza, na linapatikana kwa shida kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kila mtu hukimbilia la 1. La 19, mwaka 2005, Michonne. La 27, mwaka 2006, yule adui aitwaye Gavana. Haya matatu ndiyo nguzo baada ya la 1. Yametoka miaka kadhaa kabla ya tamthilia kuanza, na wahusika wake wana uzito kwenye hadithi nzima.

La 53 lina Abraham, Rosita na Eugene kwa pamoja. Ni zuri kwa bei yake lakini usilitegemee kupanda sana. La 6, pale Carl anapompiga risasi Shane, rafiki wa Rick, ni la mwisho la Moore ndani. La 7 ndipo Charlie Adlard anapokea kalamu na kuishika mpaka mwisho. Moore aliendelea na majalada hadi la 24. Wapenzi wa michoro hulipia mipaka kama hiyo.

La 192 na la 193 kaa nayo kwa utulivu. Rick anakufa katika la 192, Juni 2019, na mwezi uliofuata la 193 likafunga hadithi bila onyo. Image walikuwa wametangaza matoleo ya 194 hadi 196 yenye majalada kamili ili siri isivuje. Kwa mshangao huo maduka mengi hayakuagiza ya kutosha, bei ikaruka wiki kadhaa, chapa za nyongeza zikaja, ikatulia. Aliyenunua wiki ya kwanza ya mruko alilipia kelele.

Majalada mbadala ya kuanzia la 100 kwenda juu, yale ambayo duka hupata 1 kwa kila nakala 25 au 50 za kawaida linazoagiza, mimi siyashauri kabisa. Uhaba wake umetengenezwa ofisini.

Jua_Kali_MSA

Ahsante. Na kuyahifadhi pwani? Mombasa unyevu hauna huruma.

KaratasiSafi

Hapa ndipo thamani inapopotea kuliko sokoni, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu.

Karatasi ya 2003 si ile ya magazeti ya zamani, kwa hiyo kugeuka njano si adui wa kwanza. Adui ni unyevu. Karatasi inataka unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Mombasa, Zanzibar na Dar hewa ya kawaida mara nyingi huvuka 75. Kinachotokea: karatasi hunywa maji ikatanuka, usiku au ukiwasha kiyoyozi husinyaa, na kurudiarudia huko kunaleta mawimbi kwenye jalada. Pini mbili za katikati hupata kutu, kutu inatia doa la kahawia kwenye karatasi inayozizunguka, na doa hilo halitoki. Baadaye ukungu.

Fanya hivi. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali kwanza, usikisie. Kila kitabu kiingie mfuko wake wa polipropilini au, bora, Mylar (plastiki ya poliesta), pamoja na kadibodi isiyo na asidi; upande unaong'aa wa kadibodi uelekee kitabu. Polipropilini badilisha kila miaka 5 hadi 7. Mylar inakaa miongo. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya, usiiguse, inatoa mvuke unaonata kwenye wino.

Kosa la wengi: kitabu kimekaa nje, kimeshiba unyevu, mtu anakifunga kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa akidhani amekiokoa. Amefungia unyevu ndani pamoja nacho. Kwanza kiache chumba chenye kiyoyozi siku mbili, kipima unyevu kisome chini ya 55, ndipo ukifunge pamoja na vipakiti vya silika vinavyobadilika rangi. Gramu 200 hadi 300 kwa sanduku la vitabu 100 ni mwanzo mzuri. Rangi ikigeuka, zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, rudisha. Masika utafanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko kiangazi.

Sanduku liinuliwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na mafuriko, na lisigusane na ukuta wa nje. Vitabu visimame wima, vijae vya kutosha visiegemee. Kikiegemea mwaka mzima mgongo unapinda na haurudi. Dawa ya nondo usiweke kabisa, harufu yake hudumu kwenye karatasi. Na umeme ukikatika siku nzima, usifungue sanduku mpaka chumba kirudi kwenye hali yake, la sivyo hewa ya joto yenye maji inaingia moja kwa moja kwenye karatasi baridi.

Kwa mzigo unaotoka nje, mwambie muuzaji abane kitabu kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, mikunjo ya kadibodi moja iende wima na ya nyingine ulalo, na kila upande uzidi kitabu kwa sentimita 2. Kona zilizopigwa safarini ndizo hushusha 9.8 ikawa 9.2.

SokoHuru

Bora kabisa. Niongeze la upimaji, maana huko pesa nyingi hupotea. Kitabu kinapelekwa CGC Florida, kinapewa alama kati ya 0.5 na 10, kinafungwa kasha gumu. Unalipia ada ya upimaji, kwenda, kurudi, bima. Chukua mfano: gharama zote zikifika dola 90, na toleo la 53 likipata 9.4 linauzwa dola 60, umelipa ili upate hasara. Kwa mtu wa Afrika Mashariki peleka tu kitabu ambacho hata kikirudi na alama mbili chini ya ulivyotarajia bado kinalipa gharama zake.

Kabla ya kupeleka, kishike chini ya taa ya upande. Vijimkunjo vya mgongoni ambavyo havijavunja wino hutoka kwa kupigwa pasi, kazi ya joto na mgandamizo inayofanywa na mafundi wake. Msijaribu pasi ya nguo. Vilivyovunja wino, ukaona nyeupe, havitoki kwa lolote.

Na ukinunua kilicho ndani ya kasha, usitosheke na lebo. Mwishoni mwa 2023 iligundulika kuna watu walibadilisha vitabu ndani ya makasha ya CGC, na kampuni ikatoa orodha ya namba za kutiliwa shaka. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti yao na uangalie kama kuna picha. Kisha linganisha kona na mgongo na kile kilicho mbele yako.

Jua_Kali_MSA

La mwisho, wakuu. Nimeona tangazo la toleo la 27 bila kasha, muuzaji anasema ni 9.6. Bei yake ni ile ile ya 9.6 iliyopimwa. Nifanyeje?

PiniMbili

Usilipe bei ya kasha kwa kitabu kisicho na kasha. Nenda eBay, chuja mauzo yaliyokamilika, si yanayoombwa, ya siku 90. Toa yaliyo juu sana na ya chini sana, pata wastani wa 9.2 iliyopimwa, kisha ondoa ada ya upimaji na usafiri. Hiyo ndiyo bei ya juu ya kumwambia. Muombe picha nne: mbele, nyuma, mgongo wote chini ya mwanga wa upande, na katikati pini zikionekana. Pini ikiwa na kutu hata kidogo, si 9.6.

KaratasiSafi

Na muulize kilikaa wapi. Kama ni pwani bila kiyoyozi, shusha tena.